Risasi Ndogo ya Ijumaa

Watu wa Magwagwa walimcheka sana mzee Nyangate kwa ajili ya bunduki yake. Askari wa wanyama mzima, mtu aliyekuwa akifukuzana na majangili kule Mara, anastaafu na kurudi nyumbani na kitu chembamba kama fimbo ya kuchungia ndama! Pointi tuu tuu, ndivyo ilivyoitwa, na kichwa cha risasi yake hakikuwa kikubwa kuliko punje ya mahindi. Vijana wa bodaboda walipomwona akipita nayo walimuuliza kama anaenda kuwinda mende. Nyangate alipita zake. Hakuwa mtu wa kujibizana na watu ambao hawajawahi kukanyagwa na nyati.

Yeye alikuwa amekanyagwa. Kuna mtu alimjeruhi nyati kule mbugani, akaona giza linaingia, akamwacha na kwenda zake kulala. Asubuhi yake ni Nyangate aliyekutana na nyati huyo kichakani. Bega lake la kulia likasagwa, madaktari wakaliunga wanavyojua wao, na tangu siku hiyo bunduki kubwa ya kazini ikawa adui yake, kwa sababu ukiifyatua inakupiga teke, na teke moja lilitosha kumlaza juma zima. Hii ndogo haikuwa na teke. Ilikuwa nyepesi, mtu anaibeba kwa mkono mmoja, na akiifyatua bega halisikii kitu, anasikia tu mlio kama wa kijiti kikavu kikivunjika. Akaiombea leseni, akaipata baada ya kuzungushwa sana, akaifungia katika sanduku la chuma chini ya kitanda. Aliitoa pale majirani walipomwita amalize mbwa mwenye kichaa, au tumbili walipozidi katika mahindi ya watu. Kwa kazi hizo ilimtosha.

Chini ya shamba lake la chai, pale kijito kinapopita katikati ya matete na miti ya blugamu, aliishi pongo mmoja dume, swala wa vichakani. Zamani walikuwa wengi. Kisha watu wakaongezeka, msitu ukakatwa, ardhi ikalimwa mpaka kwenye ukingo wa maji, na sasa alibaki huyo mmoja, wa rangi ya kahawia yenye wekundu, ubavuni ana madoa meupe. Mchana alijificha. Jioni alitoka na kula majani ya maharagwe ya Nyakundi, jirani yao, na Nyakundi alikuwa akinung'unika kila siku ya Mungu. Nyangate alimwambia, "Jirani, maharagwe nitakugawia yangu, lakini mnyama huyo usimguse." Mitego ya waya aliyoikuta bondeni aliing'oa yote. Na kila jioni alisimama pale juu ya chai, mikono nyuma, akamtazama pongo akitoka. Esnah, mkewe, alikuwa akimtania kutoka mlangoni: "Haya, umemaliza kumwamkia ndugu yako? Chai inapoa."

Hapo Esnah alikuwa bado ana nguvu za kutania.

Mwezi wa pili chakula kilianza kumkwama kooni. Kwanza ugali, kisha ndizi, kisha hata uji wa wimbi ulioteremka kama maji kwa watu wengine. Walienda hospitali mjini Kisii, wakaenda tena, wakatumwa kwingine, wakarudishwa. Mwishowe daktari mmoja, kijana mwenye adabu, alimwita Nyangate kando na kumwambia kwamba ugonjwa umefika mahali ambapo wao hawana la kufanya. Akamwambia ampeleke mama nyumbani, ampe chochote anachotaka.

Shida ni kwamba Esnah hakutaka kitu. Sylvanus, mtoto wao, alituma maziwa ya kopo kutoka Nairobi, yakakaa kabatini. Bitutu, mdogo wake Esnah, aliacha nyumba yake Nyaramba akaja kumuuguza, akapika kila kitu alichojua kupika, chinsaga, mboga yao chungu ya kienyeji, iliyochemshwa na maziwa, supu ya kuku, ndizi zilizopondwa mpaka zikawa maji. Esnah alionja kwa heshima na kugeuza uso. Mwanamke aliyekuwa akibeba gunia la majani chai mgongoni huku akiimba sasa aliinuliwa na mdogo wake kama mtoto wa kuogeshwa. Nyangate alikaa kando ya kitanda siku nzima, anashika tama, anakunja na kukunjua kofia yake. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa, na hakuwa na wa kumwambia.

Basi Alhamisi moja ya mwezi wa sita, mahindi yakiwa yameanza kutoa ndevu, Esnah alifumbua macho.

"Baba Sylvanus."

"Naam."

"Unakumbuka ule mchuzi?"

Hakuhitaji kuuliza ni mchuzi gani. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, kabla serikali haijapiga marufuku uwindaji, baba yake Nyangate alileta nyumbani paja la pongo. Esnah alikuwa bibi arusi mgeni, anaona haya kula mbele ya wakwe. Akasema ameshiba. Kisha mama mkwe akamkuta nyuma ya jiko na bakuli, mafuta yanamtiririka kidevuni. Hadithi hiyo ilisimuliwa katika kila sherehe ya nyumba hiyo, na kila mara Esnah alificha uso kwa leso na kucheka kuliko wote.

"Ningepata ule mchuzi," alisema Esnah, "hata kijiko kimoja, nadhani ungepita."

Nyangate alitoka nje akasimama barazani, na machozi yakamtoka. Ilikuwa furaha. Majuma na majuma mkewe hakuwa ameomba kitu chochote chini ya jua, na sasa ameomba. Kama ameomba, basi kuna sehemu yake ambayo bado inataka kuishi. Ndivyo alivyojiambia, na ni nani angemlaumu?

Lakini baada ya furaha akaja kujua anachoombwa. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiwafunga watu pingu kwa kosa hilo hilo. Wengine walikuwa na watoto wenye njaa na walimlilia, naye aliwaambia sheria ni sheria. Na pongo mwenyewe alikuwa wa pekee, wa mwisho, yule aliyekuwa akimlinda kwa macho yake. Alilipima jambo hilo usiku kucha, na kila alipolipima, upande wa Esnah ulishuka chini ukagusa sakafu. Kulipokucha alikuwa ameamua.

Sasa, Esnah alikuwa Msabato wa kweli, si wa kuvaa vizuri Jumamosi tu. Pongo ana kwato zilizogawanyika na anacheua, kwa hiyo nyama yake ni safi, hilo halikuwa na taabu. Ila mnyama lazima achinjwe akiwa bado hai, damu yake imwagike chini. Nyamafu hangeitia mdomoni. Na lazima achinjwe na sufuria iwe motoni kabla jua la Ijumaa halijazama, maana baada ya hapo Sabato imeingia, na katika nyumba hiyo Sabato ikishaingia hakuna kisu wala kuwasha moto. Kungoja Jumapili? Nyangate aliyatazama mashavu ya mkewe yalivyobonyea, akaona Jumapili iko mbali sana.

Na pongo naye alikuwa na saa zake. Hakutoka matetani mpaka jua limeanza kulala. Kati ya kutoka kwa pongo na kuingia kwa Sabato palikuwa na nafasi nyembamba, na mzee alipaswa kupenya hapo na bega bovu, jicho moja lenye utando, na bunduki ya kuchekwa na vijana.

Ijumaa hiyo Bitutu alikuwa anaosha sakafu na kupasi nguo za kanisani. Alimwona shemeji yake akipita na bunduki.

"Shemeji, wapi tena?"

"Naenda kutazama mahindi."

"Siku hizi mahindi yanatazamwa na bunduki?"

"Tumbili," alisema Nyangate, akaendelea kushuka.

Alikaa chini ya blugamu, upepo ukimpiga usoni ili harufu yake isifike matetani. Aliikalisha bunduki juu ya goti. Alijua vizuri kilichokuwa mbele yake. Risasi ndogo namna hiyo haimwangushi pongo kwa nguvu, inamwangusha kwa mahali. Ikiingia nyuma ya sikio, anaanguka kabla hajajua, na moyo bado unadunda kisu kinapomfikia. Ikienda pengine popote, umemtesa tu. Kazini aliwafundisha askari wapya jambo hilo mpaka sauti ikamkauka.

Alingoja. Jua lilikuwa linashuka na pongo hatoki. Akaanza kumlaumu kimoyomoyo, kama mtu anayemlaumu mgeni aliyechelewa: jamani, leo ndio umeamua kulala? Huko juu sufuria ilikuwa tayari kwenye jiko, maana alikuwa ameiweka mwenyewe, na kuni zimepangwa. Jua likagusa vichwa vya miti ya ng'ambo. Hapo matete yakatikisika, na pongo akatoka, polepole, akasimama penye maharagwe ya Nyakundi mahali alipozoea. Aligeuza kichwa akatazama juu kwenye chai, pale mzee alipokuwa akisimama kila jioni. Kisha akainama kula.

Nyangate alilenga nyuma ya sikio. Mkono ulikuwa unatetemeka. Alivuta pumzi, akaitoa nusu, kama alivyofundishwa na kama alivyofundisha. Angengoja kidogo mkono ungetulia, lakini jua halikumngoja. Akavuta. Kijiti kikavu kikavunjika. Bega halikusikia kitu.

Pongo alikuwa ameinua mguu na kusogea mbele.

Mnyama aliyepigwa kichwani huanguka, na aliyepigwa moyoni hukimbia kwa kasi kisha akaanguka. Huyu alikunja mgongo, akainama katikati kama mtu mwenye msokoto wa tumbo, akaingia matetani akitembea. Nyangate alijua papo hapo. Hakuhitaji kwenda kuangalia, lakini alikwenda. Kwenye jani la mharagwe palikuwa na damu nyeusi, na ndani ya damu vipande vya majani aliyokuwa ameyala.

"Ewe Mungu," alisema kwa sauti ndogo.

Kuna sheria moja ya porini ambayo haikuandikwa na serikali. Mnyama uliyemjeruhi ni wako. Unamfuata, hata iwe mpaka asubuhi, mpaka ummalize. Nyangate aliijua sheria hiyo kwa bega lake. Akaingia matetani, akafuata matone, maji yakamfika magotini, matete yakamkata uso. Alimsikia mbele yake, akihema. Na hapo jua likazama.

Alisimama ndani ya maji. Toka juu, kwa majirani, ulisikika wimbo wa kuikaribisha Sabato. Katika miaka yote ya kazi yake mbugani, Esnah aliifungua Sabato peke yake, mbele ya kiti kitupu, na alilalamika kwa hilo tu, hakulalamika kwa jingine. Siku aliyostaafu Nyangate alimwahidi kwamba hatakosa tena hata Ijumaa moja. Hakuwa amekosa. Na Ijumaa hii huenda ikawa ya mwisho. Alimwona mkewe akilini mwake, ameinuliwa juu ya mito, ametazama mlango.

Nyama ilikuwa imekwisha kupotea. Hata angempata pongo sasa hivi, Esnah hangekula kilichochinjwa Sabato. Bunduki nayo Sabato? Kuua Sabato? Alijiambia kwamba mnyama yule hatafika mbali, atalala, atakufa mwenyewe kabla nyota hazijatoka. Alijua si kweli. Aliyepigwa tumboni hafi upesi. Lakini mtu akitaka sana kuamini jambo, hatafuti ushahidi. Akageuka akapanda kilima.

Alinawa mikono nje, akabadilisha shati, akaingia.

"Umepata?" aliuliza Esnah. Kumbe alikuwa anajua tangu mwanzo alikokwenda.

"Sijapata."

Esnah akatikisa kichwa kidogo, kuonyesha si kitu. Waliimba, Bitutu kwa sauti nzuri, Nyangate akimfuata nyuma. Esnah alichezesha midomo tu. Katikati ya ubeti wa pili pongo alibweka bondeni, mara moja, sauti ya mbwa mzee aliyekaukiwa. Nyangate aliimba kwa nguvu zaidi.

Asubuhi Bitutu alikwenda kanisani, mzee akabaki na mgonjwa. Palikuwa kimya kama panavyokuwa kila Sabato, hakuna jembe, hakuna panga, hakuna redio. Ndiyo sababu ilisikika vizuri. Pongo alibweka tena, na baada ya muda tena, na kila mara sauti ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza.

Esnah alifumbua macho. Hukai na askari wa wanyama maisha yote usijue sauti ya pongo.

"Ulimpiga wapi?"

Nyangate alitazama kofia yake. "Tumboni."

"Jana?"

"Jana jioni."

Esnah alivuta pumzi kwa taabu. "Ukamwacha kule," alisema, "ukaja kuimba."

"Sabato ilikuwa imeingia, Mama Sylvanus. Na wewe ulikuwa unaningoja."

"Ningengoja." Alipumzika, kisha akaendelea. "Ng'ombe wako akianguka shimoni siku ya Sabato, si unamtoa? Hilo si tumelisoma sisi wote wawili? Nenda ukammalize."

"Na bunduki? Watu wakiniona?"

"Nenda."

Alikwenda. Na kwa kuwa mkosi haukuwa umechoka naye, alikutana na Nehemiah, mzee wa kanisa, aliyekuwa ametoka ibadani mapema na koti lake na Biblia kwapani. Nehemiah aliitazama bunduki, akamtazama mwenye bunduki.

"Sabato njema, ndugu Nyangate. Leo, ndugu yangu?"

"Kuna mnyama ameumia huko chini."

"Kwani kesho hatakuwepo?"

"Atakuwepo," alisema Nyangate. "Hiyo ndiyo taabu yenyewe."

Nehemiah hakuelewa. Alisema kwamba watakuja alasiri, yeye na waumini wengine, kumwombea mama, akaendelea na njia yake akitikisa kichwa.

Pongo alikuwa amelala kwenye matope, miguu imekunjwa chini yake. Siafu walikuwa wamempata, wamejipanga mpaka kwenye kidonda, na hakuwa na nguvu za kujitikisa. Maji yalikuwa yanapita mbele ya pua yake, karibu hivi ungedhani anakunywa. Hakuweza kuyafikia. Ulimi ulikuwa nje, umekauka, umevimba. Alimwona mzee akija na hakujaribu kuinuka, alimtazama tu kama alivyokuwa akimtazama jioni zote zile, mzee akiwa juu kwenye chai.

Nyangate alipiga magoti matopeni. Aliwafagia siafu kwa kofia, kazi isiyo na maana, lakini aliifanya. "Nisamehe," alisema. Hakuona aibu kumwomba mnyama msamaha, alikuwa ameona aibu ya kutosha kwa mambo mengine. Kisha akaweka mdomo wa bunduki nyuma ya sikio, karibu kabisa, mahali ambapo hata mkono unaotetemeka haukosei.

Kijiti kikavu. Kichwa kikalala majini, taratibu, na macho yakaacha kutazama. Bega halikusikia kitu, na mara hii Nyangate alichukia hilo. Laiti ingempiga teke. Laiti ingemvunja bega upya, ajue kwamba amefanya jambo.

Hakuchukua nyama. Alimfunika kwa matete, akapanda.

Esnah alikuwa anamngoja, macho mlangoni. Nyangate aliiegemeza bunduki ukutani, akaketi mahali pake kando ya kitanda. Matope yalikuwa yanamkaukia magotini.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Risasi ngapi?"

"Moja."

"Aliumia?"

"Hapana. Hii ya leo hakuisikia kabisa. Alilala tu."

Esnah alifumba macho, na uso wake ukalegea, akaonekana kama mtu aliyesikia habari njema. Nyangate alichukua pamba, akaichovya katika kikombe, akamlowesha midomo. Tone moja liliingia. Koo likalikataa, akakohoa mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na alipomaliza kukohoa jasho lilikuwa linamtiririka. Mzee alimpangusa. Alikuwa amezoea, ikiwa mtu anaweza kuzoea jambo kama hilo.

Kisha Esnah aligeuza kichwa akaitazama bunduki pale ukutani.

"Na mimi, Baba Sylvanus?"

"Wewe nini?"

"Yeye ni tangu jana tu," alisema Esnah. "Mimi ni tangu mwezi wa pili."

Nyangate alielewa. Angetoa kila alichokuwa nacho duniani asielewe, lakini alielewa neno kwa neno, na aliona kwamba mkewe hasemi kwa homa wala kwa hasira. Alikuwa akimwomba, kwa sauti ile ile ya Alhamisi, kitu cha pili. Alitaka kusema habari za Mungu, akaona zingekuwa tusi. Alitaka kumwambia atapona, na hilo nalo lingekuwa tusi.

"Mama Sylvanus," alisema, "siwezi."

"Pongo uliweza."

"Wewe si pongo."

"Ndiyo," alisema Esnah. "Yeye amepumzika."

Nje zilisikika sauti. Nehemiah na waumini walikuwa wanaingia langoni wakiimba, na Bitutu mbele yao. Nyangate aliinuka kama mwizi, akaichukua bunduki, akatoa risasi zote, akaisukuma ndani ya sanduku la chuma na kugeuza ufunguo. Waliingia wakajaa chumbani. Nehemiah aliomba kwa sauti ya juu. Aliomba Esnah apewe nguvu, aongezewe siku. Siku nyingi, Baba, alisema, umwongezee siku nyingi. Watu wote wakasema amina. Esnah naye alisema amina kwa midomo, akimtazama mumewe, na Nyangate akainamisha kichwa asiyaone macho hayo.

Jumatatu asubuhi alipanda bodaboda na bunduki ndani ya gunia, akaipeleka kituo cha polisi, na leseni juu yake. Askari wa zamu, kijana mwenye tumbo, aliigeuzageuza mkononi.

"Mzee, mbona unairudisha? Imeharibika?"

"Bega linaniuma."

Askari alicheka, bila ubaya. "Bega? Kwa hii? Hii hata mtoto haiwezi kumuumiza."

"Inauma," alisema Nyangate.

Alirudi kwa miguu. Alipopita juu ya chai alisikia mbwa wakigombana bondeni, akajua wanagombania nini, hakugeuka. Nyumbani Bitutu alikuwa ametoka kuteka maji. Esnah alikuwa macho.

"Ulikuwa wapi?"

"Kituoni."

"Umeirudisha?"

"Nimeirudisha."

Alidhani atalia, au atamshukuru, au atamtukana, na lolote kati ya hayo lingekuwa afadhali. Esnah alimtazama kwa muda, akaugeuza uso ukutani. Nyangate alichovya pamba katika kikombe, akaishika hewani, akingoja ageuke. Maji yalidondoka sakafuni mpaka pamba ikawa kavu.

Esnah aliishi mpaka mahindi yakavunwa. Siku hizo zote Nyangate alikaa pale pale kando ya kitanda, na kila asubuhi alimuuliza kama kuna kitu anataka, na Esnah hakumwomba tena kitu.